Pumzi ya Sidi Kwenye Chumba cha Kungojea

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mwaitikia kwa sauti ya chini hivyo? Mtu angedhani kila mmoja hapa ana mtoto wa gredi ya tisa anayetafutiwa shule. Bwana asifiwe! Haya, sasa nawasikia.

Kwa wageni, mimi ni Mama Sidi, yule auzaye mahamri karibu na hospitali ya Port Reitz. Sidi ni yule pale kando ya babake, anayejificha uso. Mchungaji amenipa muda mfupi, lakini jambo lenyewe limenikera msimu mzima, kwa hivyo mtanivumilia.

Pumu ya Sidi nyote mwaijua. Ikimshika, kifua chapiga filimbi na midomo inageuka rangi, na asipoivuta ile dawa yake ya pampu upesi, ni kukimbizana hospitalini. Mimi na babake tukakata shauri mapema: bweni la mbali, hapana. Tulitaka shule ya kutwa, iwe karibu, na iwe na maabara, kwa sababu mtoto huyu anataka sayansi na hataki kusikia habari nyingine. Shule iliyokuwa na hayo yote ilikuwa ya kibinafsi, na watoto waliokuwa wakiitaka walikuwa wengi kuliko viti.

Wapendwa, mimi nilidhani kupeleka mtoto shule ni kupeleka mtoto shule! Kumbe mtoto anahojiwa, mama anahojiwa, baba anahojiwa, na tungekuwa na paka naye angeitwa. Tukaambiwa tuje na mavazi rasmi. Baba Sidi, ambaye kazi yake ni kufunga makontena bandarini, akaazima koti la shemejiye likambana makwapa. Bwana mmoja mwenye tai akamuuliza, "Familia yenu hupenda kufanya nini wikendi?" Akajibu, "Kulala." Sasa mlitaka aseme nini? Mtu alikuwa ametoka shifti! Mimi nikaulizwa najiona wapi miaka kumi ijayo. Nilijiona nimekaa barazani nimenyoosha miguu, hakuna anayeniuliza swali. Lakini nikajibu kitu kuhusu maono, hata mwenyewe sikujielewa.

Hiyo ilikuwa zamu ya wazazi. Ikabaki zamu ya watoto, mtihani wao na mazungumzo, miezi miwili baadaye.

Hapo katikati ndipo tulipoteseka. Kulizagaa neno kwamba shule hiyo haichukui mtoto mwenye maradhi. Nani alisema? Hakuna ajuaye! Kila mama alisikia kwa mama mwingine. Basi tukafunga midomo. Na mwaijua desturi yetu ya ushirika wa nyumbani, Jumatano: mtu akiwa na jambo asilotaka kulitaja husema, "Nina ombi la moyoni," na wenzake humwombea bila kuuliza. Ndugu zangu, msimu ule kila mama alikuwa na ombi la moyoni! Mimi la moyoni. Mama Faraja wa Chaani, la moyoni. Katibu wa kina mama, la moyoni. Tunashikana mikono, tunalia machozi, tunamsihi Mungu atende, na hakuna ajuaye mwenzake anaombewa nini. Nikimuuliza Mama Faraja binti yake ataenda shule gani, ananijibu, "Twamwachia Mungu, mamangu." Nami nikiulizwa, namwachia Mungu vilevile. Tulimwachia Mungu mambo mengi sana mwaka ule!

Siku ya mtihani ikafika. Langoni tukaambiwa mikoba yote ibaki nje, ya watoto na ya wazazi. Bawabu alikuwa mzee mmoja wa Jomvu Kuu, mpole kabisa. Akaniambia, "Niwie radhi, mwanangu, ndivyo nilivyoamrishwa. Hakuna mkoba upitao hapa." Pampu ya Sidi ilikuwa ndani ya mkoba. Nilitaka kusema kwamba ndani mna dawa, lakini nyuma yangu wazazi walikuwa wamejipanga, masikio wazi. Nikauacha mkoba, roho juu juu.

Naingia chumba cha kungojea, na nani nimwonaye kiti cha mbele, kavaa suti ya buluu ya kuazima? Mama Faraja! Nyuma yake, katibu wa kina mama. Pembeni, mke wa mzee wa kanisa. Ushirika mzima wa Jumatano umehamia pale, kila mmoja na mtoto wake! Tukaamkiana kama watu waliokutana matangani. Leo nacheka, lakini siku ile nilichemka. Tena niliogopa. Mama Faraja anaijua pumu ya Sidi, amemwombea mara nyingi tu. Nikawaza, huyu akimnong'oneza mwalimu neno moja, mwanangu amekwisha. Nikamchunga asiinuke pale alipokaa.

Tukangoja, tukangoja. Madirisha yamefungwa, sakafu imepakwa polishi asubuhi hiyo, harufu inapanda mpaka utosini. Nikaisikia ile filimbi. Kumgeukia Sidi, mabega yanapanda na kushuka, macho yananitafuta. Nikapiga kelele, "Dawa yake iko langoni!" Na lango liko mbali, ni kuuvuka uwanja mzima. Nikavua viatu nikimbie.

Mama Faraja akainuka. Mbele ya walimu na wazazi wote akaipandisha sketi ya suti, na chini yake, mama wa Pwani ni mama wa Pwani, amejifunga leso! Akafungua fundo kwenye pindo lake na kutoa pampu. "Mshike mgongo," akaniambia, akamwekea Sidi mdomoni yeye mwenyewe. "Vuta, mwanangu. Ishikilie. Taratibu. Tena." Sidi akavuta. Akavuta tena. Mabega yakaanza kushuka, midomo ikarudi rangi yake.

Ndugu zangu, mwaelewa mama huyu alifanya nini? Faraja alikuwa ameanza kushikwa na pumu mwaka uleule, na mamake hakumwambia mtu yeyote. Lile ndilo lililokuwa ombi lake la moyoni! Alijua akiitoa ile pampu mbele ya walimu, binti yake ndiye atakayeonekana mgonjwa. Angeweza kukaa kimya nami nisingejua kamwe. Hakukaa kimya. Nilimkumbatia nikalia kwa sauti, viatu viko mkononi.

Mwalimu mkuu akaja mbio. Alipoelezwa akatushangaa. "Kwa nini hamkusema? Tuna wanafunzi wenye pumu humu ndani, na dawa zao twazihifadhi." Jamani! Ule uvumi wote haukuwa na mzizi! Msimu mzima tumejinyima usingizi kwa neno ambalo hakuna aliyekwenda kuliuliza! Nilitamani kumtupia mtu kiatu, sikujua nimtupie nani.

Watoto wetu walipewa siku nyingine, wakafanya mtihani na pampu ziko juu ya meza. Sasa najua mwangoja niseme Sidi alipata nafasi. Hakupata! Faraja alipata. Nilinuna, siwafichi, nikamwambia Mungu maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia.

Lakini tulikwenda shule nyingine, ndogo zaidi, hapa hapa Changamwe. Kabla sijafungua mdomo, Sidi akasema mwenyewe, "Shikamoo mwalimu. Mimi naitwa Sidi, nina pumu, na nataka kusoma biolojia." Naibu wa mwalimu mkuu akaitikia marahaba, akauliza swali moja tu: pampu itakaa wapi ili kila mwalimu aifikie? Mimi sikuulizwa habari za miaka kumi ijayo. Juzi mtoto amerudi ananuka dawa za maabara, anaongea bila kituo mpaka babake akaomba apunguze. Mwache aongee! Pumzi anayo!

Asante Yesu! Nilimwomba Bwana shule, yeye akaanza na uhai wa mwanangu. Na wewe mama uliyeketi hapo, mwanao ana intavyuu Jumatatu na hujamwambia mtu, mtumaini Mungu, utaje jina la mtoto na shida yake, hapa, leo, tumwombee tukijua. Kisha nenda ukaulize shuleni kwa mdomo wako mwenyewe. Kama waogopa, nitakwenda nawe, nitakaa kiti cha kando yako mpaka mtoto atoke.

Mtu niliyemwogopa siku ile ndiye aliyetumwa kwangu. Mama Faraja, dada yangu, simama watu wakuone.