Historia ya Lucious Hightower, Aliyeukataza Mchicha Kutoa Mbegu

Wapendwa wafiwa, mchungaji, majirani, kwa niaba ya familia naomba niwasomee safari ya mjomba wangu.

Mjomba Lucious alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, nje kidogo ya Marianna, Arkansas, akasoma katika shule iliyofungwa kila majira ya palizi ili watoto wakashike majembe kwenye pamba, akahitimu mwaka 1966, na mwaka 1971 akarithi shamba la baba yake. Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na mkewe Vernell, wakajaliwa binti yao Yolanda na wadogo zake wawili wa kiume.

Mwaka 1997 ilipokuja pamba isiyodhurika na dawa ya magugu, mjomba alilitundika jembe la baba yake ukutani, akasema wanawe hawatalishika kamwe. Miaka kumi baadaye mchicha pori, gugu refu linalosonga pamba, ulianza kubaki wima baada ya dawa, akaongeza dawa, ukazidi, na mwaka 2009 akamwaga shambani makapi ya kiwanda cha kuchambua pamba kama mbolea, bila kujua yamejaa mbegu za mchicha huo. Msimu uliofuata mchicha uliipita pamba kwa urefu, mashine ya kuvunia ikakwama, naye akaifukia pamba yote kwa plau.

Hapo aliamua kwamba hakuna mchicha utakaokomaa tena kwake, kwa kuwa mmoja tu humwaga mbegu laki kadhaa, lakini zilizomo ardhini nyingi hufa kwa miaka michache zisipoongezewa nyingine. Alipanda nafaka ya kufunika udongo kila vuli, akabadilisha dawa, akalishusha jembe ukutani, na kila alichong'oa alikitoa nje kwa gunia, maana mchicha ukiachwa kati ya mistari huota mizizi upya. Jirani yetu Cleotis Banks alikuwa akisimamisha gari barabarani na kupiga kelele, "Lucious, kaka, jembe hilo umeliiba makumbusho?" na mjomba akimjibu bila kuinua kichwa, "Cheka tu, Cleotis, mbegu zako zikivuka barabara nitakurudishia moja moja!"

Tarehe 20 Mei 2014, katika msimu wa nne wa kazi hiyo, aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa Memphis mchicha ukianza kuchanua, na kila Yolanda alipomletea supu alimwambia, "Weka hapo, mwanangu, kwanza niambie upande wa mashariki ukoje." Yolanda peke yake hakuweza kuumaliza, na mjomba alijua kwamba wiki moja ya kuchelewa ingeifuta miaka yote minne.

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, Cleotis aliingia shambani na magunia, pamoja na wanakwaya na nusu ya kijiji, wakapita kila mstari hadi jioni, kisha Cleotis akaupeleka hospitalini mchicha wa mwisho waliong'oa. Mjomba alikifikicha kichwa cha ua kiganjani, akatazama, hapakuwa na mbegu nyeusi iliyokomaa hata moja, akasema, "Mmewahi." Alifariki Jumatatu, tarehe 11, asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, kanisa, wakulima wenzake, na Cleotis, ambaye jembe lile sasa liko mikononi mwake hadi Yolanda atakapomaliza msiba. Mkipita shambani kwake mkauona mchicha hata mmoja, ung'oeni, mtoke nao.

Mjomba, mistari yako ni safi, pumzika kwa amani.