Lewis Fondo Ngala, Fundi Aliyeikataa Pini

Wachungaji, wazee, majirani wa Majengo na ndugu mliofika kutoka Kaloleni, mimi ni Kadzo, kitinda mimba wa marehemu, nimetumwa na familia niwasomee historia ya baba yetu, ila niseme mapema, ninayoisoma si ile iliyochapishwa kwenye ratiba mliyogawiwa mlangoni, ile iliandikwa na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, Mzee Oliver Gunga, hii nimeiandika mimi.

Baba alizaliwa Kaloleni tarehe 14 Agosti 1964, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ngala na marehemu Bi Kadzo, ambaye nimerithi jina lake, akaletwa Majengo akiwa na miaka sita, akasoma hapa hadi kidato cha nne mwaka 1982, kisha akajifunza ufundi wa vyuma kwenye karakana za Kilindini.

Tarehe 3 Februari 1987 aliajiriwa na kampuni ya binafsi ya uokoaji baharini, siku moja na Mzee Gunga, wakapelekwa ng'ambo miezi kumi kusomea helikopta iliyokuwa imestaafu jeshini. Helikopta hiyo ilibuniwa kuwinda nyambizi, ikaundwa ndogo ili itue kwenye sitaha ya manowari, pangaboi lake likunjwe iingie bandani, ikawa inateremsha majini kwa kamba ndefu chombo cha kusikiliza, na ubavuni imebeba makombora ya chini ya maji. Ilipofika Kilindini mwaka 1988 ilikuwa imevuliwa silaha zote, pale pa chombo cha kusikiliza pamebaki shimo, na ni Baba na wenzake waliofunga winchi ya kuvuta watu kutoka majini, ndiyo maana alizoea kututania kwamba yeye kazi yake ni kumfundisha muuaji ukunga.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992 na Mama, Dama Kiti, aliyekuwa akiuza leso Biashara Street, baada ya wiki tatu za kuulizia bei ya leso ile ile, mpaka mwenye duka akamwambia, bwana wee, nunua ama posa, yote yapatikana hapa. Msimamizi wa harusi alikuwa Mzee Gunga. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu Ngala, mwaka 1995, nami mwaka 2003.

Sasa, wenye ratiba, ukurasa wa tatu pameandikwa kwamba Baba alistaafu kwa hiari mwaka 2016, naomba mchukue kalamu mkapafute. Kila pangaboi likikunjuliwa, fundi mmoja hufunga pini za kulishikilia lisijikunje, mwingine huzigusa moja moja kwa kidole, na wote wawili hutia sahihi. Tarehe 9 Juni 2016 Baba alikuta pini moja ina ufa, akaandika daftarini helikopta isiruke, akaenda stoo kutafuta nyingine, na kabla hajarudi ukurasa wake ulikuwa umechanwa, mpya usio na onyo umetiwa sahihi, helikopta imeruka. Ilianguka majini upande wa Likoni, rubani akapoteza mguu. Baba alifukuzwa kazi kwa uzembe, na aliyeapa mbele ya uchunguzi kwamba hakuona onyo lolote aliendelea kula pilau kwetu kila Jumapili, nami nikimwita mjomba.

Baba aliugua figo kuanzia Mei 2023. Tarehe 20 Januari mwaka huu Mjomba Gunga alikuja wodini, akaweka ukurasa ule juu ya shuka, mwandiko wa Baba, akasema, Lewis, haya yaishe hapa. Baba akamuuliza, yaishe kwa nani, Oliver, na mimi niliyekaa pale nikamwona akiinuka na kutoka, ukurasa ukabaki juu ya shuka. Baba alifariki tarehe 2 Machi, kwa mji mzima angali fundi mzembe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu miaka yote hiyo, majirani mliolala matangani nasi, na wafanyakazi wenzake, hasa rubani, aliyekuja kwa magongo na kukaa kiti cha mbele. Ukurasa nimeuweka juu ya jeneza, anayetaka kuusoma asogee. Kwenye ratiba kinachofuata ni salamu za wafanyakazi, dakika tano, atakayezitoa ni Mzee Gunga, na kaburi halitafukiwa kabla hajasema.

Baba, wewe pumzika kwa amani. Mjomba, kipaza sauti hiki hapa.