Utumbo Uliosusa

Kijiwe chetu kiko mbele ya duka lililofungwa: benchi moja, jiko la makaa, birika la kahawa na wanaume wanne wasio na haraka. Mimi wananiita Digrii, kwa dhihaka, maana nimesomeshwa miaka yote ile ili nije kubishana na mafundi. Leo hatubishani mpira. Fundi viatu wetu, Kiraka, amepata binti aliyezaliwa utumbo uko nje, umepenya kwenye tundu kando ya kitovu. Madaktari waliuning'iniza juu yake ndani ya mfuko unaoonyesha ndani, wakawa wanaurudisha kidogo kidogo, mpaka wakafunga tumbo. Sasa kinasubiriwa kitu kimoja tu: mtoto apate choo. Asipopata, hapewi ziwa, ni dripu tu, na huenda akarudishwa chumba cha upasuaji. Kiraka kaishika simu kama kashika yai.

— Mimi bado sijaelewa, akasema Spana, makanika. Kwa nini hawakuushindilia wote siku ileile?

— Ungemuua! akadakia Mshono, fundi cherehani. Tumbo lenyewe dogo, halijawahi kubeba kitu. Nguo ikibana huilazimishi, unaiachia taratibu.

— Kaka, mwanangu si suruali, akasema Kiraka.

— Nafafanua tu, ndugu yangu.

— Basi nisikilizeni mimi, akasema Spana. Injini iliyokaa nje muda mrefu haiwaki kwa swichi. Inasukumwa. Wamtikise kidogo tu!

— Thubutu!

Kiraka alishainua nyundo ya viatu. Mshono akashusha sauti, utadhani anatoa siri ya jeshi:

— Hamjui kitu nyie. Utumbo ule umeshaona dunia. Umeona taa, umeona manesi, umesikia umbea wa wodini. Leo unarudishwa gizani, halafu mnataka ufanye kazi? Umesusa!

— Excuse me, nikasema. Hii ni basic economics. Mtoto hajala. Bila input, output itoke wapi?

— Ndiyo maana huna kazi, akasema Spana.

— Kile choo cha kwanza anazaliwa nacho, Digrii, akasema Kiraka kwa huruma. Daktari kaniambia.

Nikanywa kahawa yangu. Na chuo chenyewe nilichosoma kilikuwa na lifti!

Simu ikalia. Mkewe, kutoka wodini. Kiraka akasikiliza, akafumba macho, akakata.

— Amekunya!

Spana akapiga benchi, kahawa ikamwagika. Mshono akamkumbatia Kiraka, nyundo na yote. Mimi, mhitimu, nikashangilia kinyesi kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku ya mahafali.

— Kikoje? akauliza Mshono, machozi yanamlenga.

— Cheusi! Kinanata kama lami!

— Lami! akapiga kelele Spana. Basi barabara imefunguka!

Kulikuwa na mama mmoja amesimama pembeni, kandambili iliyokatika mkononi, anasubiri fundi amalize kurukaruka.

— Hongereni, wanangu, akasema. Na mama yake je, amekula?

Spana akamtazama Mshono. Mshono akanitazama mimi. Mimi nikatazama ndani ya kikombe.

— Hakusema, akajibu Kiraka polepole.

— Ulimuuliza?

Kiraka akaweka nyundo chini, akaipiga namba ya mkewe. Simu ikaita, ikaita, na benchi zima halikuwa na nadharia.