Jaël wa Panda, Aliyekaa Mlangoni

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, ninyi wa Panda, wa Kikula, na ninyi mlio kazini Kakanda, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Jaël Kisimba. Jaël Kisimba, msusi wa nywele, mzaliwa wa Panda. Ametutoka akiwa na miaka ishirini na saba tu.

Jaël hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa na saluni ndogo ya mabati, mbele ya nyumba ya baba yake, papa Gaston, mzee aliyestaafu kazi ya kiwandani. Ng'ambo ya barabara alihamia mama mmoja kutoka Kananga, Rosalie, na watoto wake watatu. Walikuwa wameshuka kwenye treni ya Kasai wiki tatu tu kabla ya siku ninayoisimulia. Nanyi mnajua, wasikilizaji, treni ile ikiingia na Wakasai, midomo gani ya chuki hufunguka mjini kwetu.

Basi Jumamosi moja, saa nane mchana, ikajulikana kuwa mtoto amepotea. Jessy, miaka sita, binti wa mama Germaine. Wakamtafuta kisimani, wakamtafuta sokoni. Hayupo. Mtu mmoja akasema, "Ni bale bageni," akionyesha nyumba ya Rosalie. Hakuna aliyeuliza umejuaje. Mawe yakaokotwa. Petroli ikaletwa.

Jaël aliwasikia wakiwa bado mbali. Akachukua kitana na kigoda, akavuka barabara, akagonga kwa Rosalie.

"Mama, toka inje. Nakuja kukusuka."

"Kunisuka? Mutoto wangu, bantu banakuja kutuua!"

"Njo maana. Ikala hapa kwa mulango, kwa kigoda hiki."

Rosalie mwenyewe alituambia hapa studio: "Niliikala pale, macho yangu kwa njia. Lakini macho yake, hapana. Akagawa nywele, akaanza musitari wa kwanza."

Kundi likafika. Lilijaza njia. Mbele alikuwa Arsène, kijana mchimbaji, galoni la petroli mkononi.

"Yaya Jaël, dada yangu, toka apo."

"Sitoke. Kichwa ya muntu nikianza, namalizaka."

"Bamekupa nini, hawa?"

"Arsène, mama yako nilimusuka jana. Alinipa nini?"

Jiwe moja likapita juu ya kichwa chake, likapiga bati. Vidole vyake havikusimama. Kisha akainua macho, akamtazama mama wa mtoto tu, aliyekuwa ndani ya kundi.

"Maman Germaine, miye pia nalilia mutoto wako. Lakini angalia hawa bote. Mikono yao imejaa majiwe. Batamutafuta na nini?"

Mama Germaine, mwenye uchungu kuliko wote, ndiye aliyeangusha jiwe la kwanza. Akageuka, akarudi kumtafuta mwanawe. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Arsène alibaki mwisho kabisa, na galoni lake.

Saa kumi Jessy alipatikana Kikula, anakula bukari, ugali wetu, kwa shangazi wa baba yake. Shangazi alimchukua asubuhi bila kuaga mtu.

Narudia, wasikilizaji wapendwa. Msichana mmoja, kitana kimoja, mbele ya watu wasiopungua mia.

Wala hakuishia hapo. Mwezi uliofuata aliwaita vijana, wenyeji na wageni, wakawa wanakwenda stesheni kila treni ya Kasai ikifika. Wanabeba mizigo, wanaonyesha maji yalipo, wanaonyesha zahanati. Walianza sita, wakafika sitini. Wa saba kujiandikisha alikuwa Arsène.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Jaël alikuwa njiani kwenda Kakanda kumsuka bibi harusi. Gari likapinduka. Hakufika.

Matangani kina mama waliimba Kisanga cha wenyeji, wakaimba Tshiluba cha Wakasai, hadi huwezi kujua wimbo ni wa nani. Arsène alichimba kaburi. Alisema hivi tu: "Miye njo nilishikaka petroli. Leo niko muzima, sina damu ya muntu kwa mikono, sababu ya Jaël."

Ndipo papa Gaston akasimama. Alisema jambo ambalo hakuwahi kumwambia hata binti yake. "Mwaka wa tisini na mbili balipofukuza Bakasai, bantu ba Kasai, hapa kwetu, jirani yangu Mukasai aligonga kwangu. Mara tatu. Nilimusikia. Nilifungaka mulango. Mutoto wangu, nani alimufundisha? Haiko miye."

Papa Gaston, pole sana. Mama Rosalie, mama Germaine, vijana wa stesheni, poleni. Machozi yenu ni yetu.

Nasi wengine, tutafakari. Jioni hii, yuko jirani ambaye hujawahi kumsalimia kwa lugha yake. Nenda. Kwa Tshiluba salamu ni neno moja tu. Wanasema: Moyo. Hilo hatuhitaji mkalimani.