Fundi Aliyesikiliza Mianga ya Mshtarii

Leo ni tarehe 30 Januari 2026. Bwana Kornelio Shekiondo anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu akiwa fundi wa maabara ya fizikia katika shule yetu. Ishirini na saba kati ya hiyo, mimi mwanafunzi wake wa zamani nimeihesabu nikiwa mbali na Lushoto, ila nakala za daftari zake zimenifikia kila mwaka.

Ndiye aliyefunga waya kati ya mikaratusi miwili nyuma ya maabara, akaunganisha redio ya kusikiliza sayari ya Mshtarii. Sayari hiyo hujizungusha kwa saa kumi hivi, ikiburuta usumaku wenye nguvu kuliko wa dunia yetu. Volkeno za mwezi wake, Io, hutema gesi. Chembe za gesi hiyo zikipata chaji hunaswa na usumaku, na elektroni hukimbizwa hadi kwenye ncha za sayari. Huko huigonga hewa, nayo ikatoa mianga. Kutoka Lushoto hatuioni kwa macho. Lakini elektroni hizohizo hutoa mawimbi ya redio, na Kornelio aliyasikia kila alfajiri ilipokubali: kama mvua inayopita juu ya mabati.

Mwaka 2004 aligundua kuwa milio kumi na saba aliyoiandika ilitoka kwenye mashine ya kusaga ya Zuberi, bondeni. Alipoteremka kumwomba aizime kidogo ili apime, Zuberi alimwuliza, "Kwani huko juu nako wanasaga?" Kornelio alicheka, akapanda kilima, akaifuta milio yote kwa wino mwekundu mbele ya wanafunzi. Kando ya kila mmoja akaandika: unga.

Wasiwasi wangu ni kwamba sikio hilo la kutofautisha milio halimo daftarini. Mwalimu Happiness, anayepokea kazi yake, amejifunza naye miezi mitatu, na wiki iliyopita bado alidhani radi ya mbali ni Mshtarii. Akikosea mwaka mzima bila kujua, kumbukumbu ya miaka yote hii itaharibika, na hakuna kati yetu atakayegundua. Happiness mwenyewe alimsihi Kornelio, "Mzee, uwe unakuja hata Jumamosi tu." Kornelio akamjibu, "Nikiwepo, mwanangu, utausikiliza uso wangu. Redio utaiacha."

Nilimpigia simu mara mbili kumbembeleza. Hakubadilika.

Asante, Kornelio, kwa kazi safi. Huko Bungu, kwa binti yako Secilia, upate afya, usingizi wa kutosha na migomba isiyo na wadudu. Jumatatu alfajiri Mwalimu Happiness atawasha redio peke yake. Kornelio hatarudi.