Velin Karajov na Asubuhi Iliyochelewa

Baba Padri, majirani wa Brezovitsa, na ninyi mliopanda mlima huu na theluji yake, familia inawasomea maisha ya mpendwa wetu kama alivyoyaishi, si kama yalivyosimuliwa kilabuni.

Velin Karajov alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji hiki, mtoto wa pili wa marehemu Stoyu na marehemu Kera, akasoma shule ya hapa hadi mwaka 1966, kisha chuo cha maziwa mjini Smolyan, alikohitimu mwaka 1969, kijana mrefu, mpole, mwenye mashavu laini kama ya mtoto, jambo ambalo wenzake hawakuliacha lipite hivi hivi. Mwaka huohuo aliajiriwa na kiwanda cha jibini cha ushirika, akadumu hapo hadi kilipofungwa mwaka 1991, kisha akafuga kondoo wake mwenyewe, na jibini yake wengi wenu mmeila.

Kuhusu ndoa, jina na tarehe tunavyo: Rusana Chaleva, Jumapili tarehe 19 Septemba 1976, ila harusi haikufungwa. Desturi yetu mnaijua, asubuhi ya harusi bwana harusi huketishwa uani, zumari likalia, msimamizi wake akamnyoa ndevu mbele ya kijiji kizima, nazo zikaangukia kwenye kitambaa alichokidarizi bibi harusi, na Velin, mwenye miaka ishirini na mitano, hakuwa na hata unywele mmoja wa kunyolewa. Jioni ya kuamkia siku hiyo rafiki yake Manol, aliyekuwa msimamizi, alinoa wembe huku akimtania, "Kesho tunanyoa nini, bwana harusi, maziwa?" na kulipopambazuka Velin alikuwa ameshavuka mlima. Watu wakasema ana mwanamke mwingine, naye aliporudi akawaacha waseme, maana uongo huo ulimwachia heshima ambayo ukweli ungemvua. Rusana aliolewa mjini Plovdiv.

Hakujaliwa watoto. Aliishi peke yake, akinywa supu amesimama kando ya jiko, na kila siku aliamka amechoka vilevile alivyolala. "Nyota njema huonekana asubuhi," alimwambia dada yake Sevda, "yangu haijawahi kutoka." Ni Sevda aliyemburuta kwa daktari mwaka 2009, wakaambiwa kwamba huenda anapungukiwa homoni ya kiume, ambayo hupanda alfajiri na kushuka jioni, hivyo damu ya mchana haitoshi kuamulia, na kwa kuwa basi letu hufika mjini mchana, alirudishwa na aliporudi tena akarudishwa, hadi alipolala kwa Sevda, anayeishi mjini, akatolewa damu asubuhi na tena jioni, ikaonekana kwamba ya asubuhi ilikuwa chini sawasawa na ya jioni. Mwili wake haukuwahi kupambazukiwa. Akapewa dawa ya kupaka mabegani kila asubuhi, akaota ndevu karibu na miaka sitini, nyeupe tayari, akawa anazinyoa peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Wakati huo Rusana alikuwa mjane, na Sevda akamsihi Velin aende amweleze. "Niende nikamwambie nini, dada? Kwamba nimeota ndevu?" Hata hivyo siku moja alivaa koti jipya, akafika kituoni, akaliangalia basi likiondoka, akarudi kwa kondoo wake. Hilo linatuuma hadi leo.

Januari mwaka huu aliugua kichomi, akalazwa, akakosa nguvu hata ya kunyoa, na alfajiri ya tarehe 6 Februari 2024 alifariki dunia, Sevda akiwa amemshika mkono.

Siku hiyohiyo Sevda alimpigia simu Rusana, akamweleza yote. Jana asubuhi Manol alikuja na wembe uleule, akamnyoa rafiki yake uani mbele yetu sote, na Rusana, aliyekuwa ameshuka basi bila kumsalimu mtu, alifungua mkoba wake, akatoa kitambaa alichokidarizi mwaka 1976, akakikinga chini ya kidevu cha Velin mpaka kazi ilipokwisha. "Angeniambia tu," alisema. "Ningemchukua vivyo hivyo."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliochimba kaburi kwenye udongo ulioganda, wenzake wa kiwandani, na Manol. Mama Rusana, kwako hatuna neno linalotosha. Kitambaa chako anakwenda nacho.

Pumzika kwa amani, bwana harusi.