Dada Yetu, Aliyetibu kwa Ngoma na Kupima kwa Saa

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni kwa msiba na ahsanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, fundi seremala, familia imeniomba niwasomee maisha yake, mkinisikia nakwama mnivumilie, maana huyu ndiye aliyenibeba mgongoni.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa mama mshonaji na baba karani wa stesheni, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na reli. Alianza shule mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, na kote huko alichapwa kwa kosa moja tu, kugonga dawati mwalimu akifundisha. Mwaka 1983 alihitimu tiba ya mazoezi ya viungo, akaajiriwa hospitalini, na tarehe 6 Agosti 1988 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, mtu mpole asiyejua kuimba hata kidogo, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1995 alirudi chuoni kusomea tiba kwa muziki, nasi tukamcheka, mimi mbele kabisa, nikamwita Dokta Ngoma, jina likamganda. Hakununa. Aliwagawa kwa kura wagonjwa arobaini wa kiharusi, nusu wakajifunza kutembea kwa kufuata mdundo wa ngoma, nusu kwa mazoezi ya kawaida, akawapima wote kwa saa kwenye korido ile ile, na baada ya wiki sita wale wa mdundo walitembea haraka zaidi, tena kwa hatua zilizolingana. Kwa watoto wenye usonji aliona wengi wakianza kutazamana na kusubiri zamu ya kupiga, lakini maneno hayakuongezeka, akaandika hivyo hivyo, ingawa wakubwa wake walimsihi ailegeze sentensi ile. Hakupenda kutia chumvi, jamani, hata kwenye habari njema.

Tarehe 2 Februari 2023 kiharusi kilimpiga yeye mwenyewe, akapoteza nguvu za mkono wa kulia na usemi wote. Binti yake, aliyerithi kazi yake ya kutibu kwa muziki, alimwimbia kila asubuhi kwa miezi saba, kwa kuwa wapo waliorudishiwa usemi kwa njia ya wimbo, na kila siku alijaza daftari la maendeleo. Siku moja aliandika kwamba mama ametamka neno, nami nikasaini kama shahidi, na ukweli ni kwamba ilikuwa pumzi tu. Dada aliomba daftari kwa ishara, akalitazama sana, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto, akaukata mstari wetu, akachora sifuri. Kisha akamvuta binti yake kifuani, tukalia sote.

Alifariki tarehe 19 Septemba, saa nne asubuhi, nyumbani kwake. Wengine walinishauri niseme aliondoka akiimba, na nakiri nilishaandika hivyo, nikafuta. Hakuimba. Lakini masikio yake yalikuwa mazima mpaka mwisho, nami nilikuwa na miezi saba ya kumwambia kwamba nilikosea kumcheka, na sikumwambia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mazoezi, majirani waliovumilia nyimbo zetu, na wafanyakazi wenzake wote.

Dada, nilikosea. Pumzika kwa amani.